Mpishi wa Kireno na Mama Mkwe Wake

Soko zima la Nunguni lilimwita Mpishi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kipande chake. Cherehani yangu ilikuwa kwenye varanda iliyotazamana na hoteli yake, kwa hiyo kwa miaka kumi na saba sikuwa na cha kutazama ila ukungu na yeye. Ukungu ulikuwa ukiondoka saa nne asubuhi. Yeye hakuondoka.

Niseme mapema kilichokuwa kinamsumbua, maana bila hicho mtu atadhani alikuwa na maringo tu. Mpishi alitaka mama mkwe wake ale chakula chake, hata kijiko kimoja. Mama huyo sote tulimwita Susu, yaani nyanya, kwa ajili ya umri wake na pia kwa kumwogopa. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu na aliishi chini kidogo ya soko, kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Siku ya mahari alisema mbele ya wazee kwamba binti ataenda, sawa, lakini yeye hatatia mdomoni kitu kilichopikwa na mwanaume. Wazee wakacheka. Mpishi hakucheka, na mimi naamini hoteli ile ilianza siku hiyo, ingawa mawe ya kuijengea yalikuja miaka mingi baadaye.

Chakula chenyewe kilikuwa cha Kireno. Mpishi alikuwa amewapikia Wareno wawili, mume na mke, huko Nairobi kwa miaka kumi na mmoja, na walipofunga virago kurudi kwao akabaki na vyombo vyao vya udongo, kofia ndefu nyeupe, na imani kwamba hakuna binadamu mwingine anayejua kula. Mtu mwenye akili timamu angefungua hoteli ya chai na mandazi. Yeye akapaka kuta rangi nyeupe, akazungusha mstari wa buluu kwa chini, na juu ya mlango pakaandikwa HOTELI YA KIRENO YA KISASA. Hayo ya kisasa yaliongezwa na mchoraji, kwa sababu ubao ulikuwa umebaki na nafasi.

Mimi ndiye niliyeshona vitambaa vya meza, na vile vidogo vya kuweka mapajani. Vile vidogo vilitoweka vyote mwezi wa kwanza. Watu hawakuwa wezi. Walidhani ni zawadi ya duka jipya, kama kalenda. Mama mmoja alimfunga mtoto wake kitambaa kimoja kichwani siku ya kubarikiwa kanisani, na Mpishi akakitambua katikati ya wimbo, akanitazama kutoka upande wa wanaume kana kwamba nimekipeleka mimi. Jumatatu yake akaniagiza vingine, vizito zaidi, ili mtu aone aibu kutembea navyo.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hapiki mpaka uagize. Hebu fikiria jambo hilo siku ya soko. Mtu ametoka Kilungu na gunia la kabichi, ana njaa, anataka akiketi chakula kiwe kimeshafika. Wengine waliagiza kuku, wakatoka kwenda kununua mbegu, wakarudi wakakuta kuku amepoa na Mpishi amenuna. Nikiwa varandani nilisikia mazungumzo haya yakirudiwa kila wiki, ila tu waliokuwa wakiongea walibadilika.

"Unangoja nini?"

"Nangoja kuku."

"Kwani hawajamleta?"

"Wamemleta. Nimemwona akipita anatembea."

Ugali haukuwepo. Dereva mmoja wa lori la viazi aliingia akapiga meza. "Leta ugali na nyama."

"Ugali hakuna," Mpishi akamwambia.

"Hakuna namna gani, na posho mill iko hapo nyuma inapiga kelele?"

"Hapa ni kwa Wareno."

Dereva akageuka akatazama meza zote sita. "Wareno wako wapi?"

Mpishi akajigonga kifua kwa mwiko. Dereva alikula alichopewa, na ninamsifu kwa ujasiri huo.

Kilichotangulia siku zote kilikuwa supu. Sasa, supu hiyo ilikuwa sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama uzi, ndani ya viazi vilivyopondwa, na juu yake vipande viwili vya soseji. Nunguni tunalima sukuma na viazi mpaka ng'ombe wanatugeuzia uso. Kumuuzia mtu wa Nunguni sukuma, tena ikiwa inaogelea, lilikuwa tusi, na watu wakaibandika jina la maji ya sukuma. Mimi pia niliita hivyo, kwa sauti, ili asikie. Halafu mwezi wa Julai nikashikwa na kifua, nikalala siku tisa, na siku ya tatu Mpishi akaniletea bakuli limefunikwa kwa sahani. Nilikunywa yote. Nilitaka kulia, ilikuwa nzuri hivyo. Nilimwambia imepoa.

Samaki ndiye aliyeleta matata zaidi. Wazee wetu hawakula samaki. Walimweka katika ukoo mmoja na nyoka. Mpishi alikuwa akiletewa ng'onda, samaki wa chumvi wa Mombasa, kwa basi, ndani ya gunia ambalo makondakta walilifunga juu kabisa ya mizigo na bado abiria wakafungua madirisha. Aliwaloweka siku mbili, akibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha akawapika kwa viazi na mayai. Alisema ni chakula cha Ijumaa. Kanisa letu halina Ijumaa ya namna hiyo, na wazee wa kanisa wakaja kuuliza ni dini gani imeingia Nunguni kupitia jikoni. Wakiwa humo wakaona chupa ya kitu chekundu. Mzee mmoja akajitolea kuonja kwa niaba ya kanisa. Ilikuwa siki. Alikohoa mpaka nikakimbia na maji.

"Si pombe," akawaambia wenzake alipopata pumzi. "Hii hata shetani hawezi kunywa."

Kwa hiyo Mpishi akaruhusiwa kuendelea. Jumamosi alikuja mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, mteja wake mwaminifu kuliko wote, ambaye hakuwahi kula bila kumchokoza kwanza. "Wareno walikaa Mombasa na mizinga," mwalimu alisema, "wakashindwa kupanda mpaka huku kwetu. Wewe umewafikisha kwa sufuria."

"Mwalimu, kula, supu inapoa," Mpishi alijibu, na hilo lilikuwa jibu lake kwa historia yote.

Alipika mwenyewe na kuhudumu mwenyewe. Mwisho wa kila mlo alivua kofia, akaiweka kwapani, akapita meza kwa meza akiuliza, "Imekuwaje?" Wanaume wa Ukambani hawasifu chakula. Aliyekula vizuri sana husema, "Tumeshiba." Jibu hilo lilimkasirisha. "Sikuuliza tumbo," alisema. "Nimeuliza mdomo." Na mtu mzima, baba wa watoto saba, angeketi pale akitafuta neno kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, hadi aseme pengine pilipili imemshika vizuri. Hapo Mpishi aliondoka ameridhika.

Ukisikia hayo utadhani nyumbani kwake kulikuwa na karamu kila siku. Nyumbani kwake hakuwahi kukanyaga jikoni. Mkewe, Mama Ndinda, alimpikia isyo, mahindi na maharagwe, usiku kwa usiku, naye aliketi nje kwenye kiti cha miguu mitatu akingoja, na hakuuliza kama mahindi yameiva. "Nyumbani mimi ni mume," aliniambia. "Mpishi amebaki sokoni." Mama Ndinda alipougua malaria, akaja kuniita nikawapikie. Nikaenda. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Fundi, punguza moto. Fundi, hicho kitunguu bado."

"Ingia upike basi," nikamwambia.

"Watu wataniona."

"Watu wanakuona kila siku na kofia mpaka mbinguni!"

"Ile ni kazi."

Nilishikwa na hasira ya kweli. Nikamwambia kama anaweza kumpikia dereva wa lori asiyemjua na hawezi kumpikia mke wake mgonjwa, basi Susu alimjua vizuri tangu mwanzo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani amesema nini tena?"

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yenyewe, na kadiri mtu anavyokimbia haraka ndivyo anavyosifiwa kwa adabu. Siku za soko Susu alipita saa nne na nusu, na Mpishi alikuwa akifunga dirisha la jikoni saa nne na robo. Mara moja tu mahesabu yao yalikosana. Walikutana kwenye kona ya posho mill, hatua tano kati yao. Susu akajifunika leso kichwani akageukia ukuta. Mpishi, na kofia yake, na sahani ya kuku mkononi, akaruka ndani ya mahindi ya watu. Alitokea upande wa pili aproni imejaa vishona nguo, na mteja akapelekewa kuku mwenye majani ambayo hayakuwa ya Kireno.

Lakini Mpishi alikuwa amelifikiria jambo lake. "Fundi, sikia," aliniambia siku moja nikipima pazia. "Nyumbani kwangu hawezi kuja. Kwake siwezi kwenda. Lakini hoteli? Yeye meza, mimi jikoni, ukuta katikati. Desturi haijaguswa hata kidogo." Alikuwa ametenga meza moja karibu na mlango, kiti chake kikigeuzia jikoni mgongo. Hakumruhusu mtu kuikalia, hata siku ya soko watu wamesimama. Mwalimu wa historia alijaribu mara moja, akainuliwa na kiti chake.

Alinituma mara nyingi kwa Susu, kwa sababu mimi na Susu tulikuwa kikundi kimoja kanisani. "Mwaitu," nilimwambia, yaani mama yangu, "mkwe wako anakukaribisha chakula."

"Mkwe wangu ni mtu mzuri," Susu alijibu kila mara, bila kuinua macho kutoka kwenye kiondo anachosuka. "Mwambie apike, ale."

Mwishowe iliyomleta ilikuwa mvua. Akina mama wa kanisa kutoka Matinyani walikuwa wamekuja kututembelea, kumi na wanne, walioondoka kwao alfajiri. Tulikuwa tumepanga masufuria uani kwa kanisa. Kabla isyo haijaanza hata kunukia, mvua ya mawe ikashuka ikazima kila jiko na kuloanisha kuni zote. Wageni wakasimama ndani ya kanisa wakiimba kwa sauti inayozidi kupungua. Mke wa mchungaji akasema kwa woga kwamba sokoni kuna mahali pamoja penye moto. Susu alitazama masufuria yaliyojaa barafu kwa muda mrefu.

"Twendeni," akasema. "Wageni hawawezi kula mvua."

Nilikimbia mbele kumwambia Mpishi, kisha nikabaki humo humo, maana jikoni kulikuwa na mlango mmoja tu, ule wa kutokea chumba cha kulia. Susu akishaketi, Mpishi hangeweza kutoka hata nyumba ikishika moto. Nikawa mhudumu.

"Ameketi wapi?" aliniuliza.

"Pale."

"Pale pale?"

"Pale pale. Mgongo kwako."

Akafumba macho. Kisha akapika kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akipika, bila kusema, jasho likimdondoka kutoka kwenye kidevu, mara anaonja, mara anatupa, anaanza upya. Ilichukua zaidi ya saa moja. Wageni waliendelea na nyimbo na maombi, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo hakuna mtu aliyelalamika kuhusu kungoja katika hoteli ile. Walidhani ni ibada.

Kwa watu wa Matinyani, ambako mvua huja kama mgeni wa mbali, sukuma ni kitu cha heshima. Walikunywa supu wakaomba nyingine. Susu, kama mwenyeji, nilimwekea wa kwanza. Alishika kijiko, akakoroga, akakiweka chini.

"Mwaitu, inapoa," nikamwambia.

"Nimefunga leo," akasema.

Mwenyekiti amefunga siku ya sherehe aliyoipanga mwenyewe! Wageni wakatazamana kwa kuustahi utakatifu wake. Mmoja aliweka kijiko chake chini ili afunge pamoja naye, akanusa, akakichukua tena. Nikaleta samaki, nikaleta kuku wa pilipili, nikaleta vile vikombe vya unga vyenye mayai na maziwa, vilivyoungua kidogo juu makusudi. Kila sahani ilikaa mbele ya Susu ikatoa moshi mpaka ukaisha. Nyuma ya mlango ikatoka sauti ambayo Mpishi alidhani ni ya kunong'ona.

"Amekula?"

Kila mtu alisikia. Susu alinyoosha mgongo zaidi. Nilimchukia wakati ule, Mungu anisamehe, mama mzee na leso yake safi.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, wageni walipomaliza walipiga makofi wakitaka kumwona aliyepika. Si "tumeshiba" tu. Walitaka kueleza, kila mmoja na sahani yake. Miaka yote alikuwa akiwabembeleza watu kwa maneno hayo, na siku yalipokuja yenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mbao, kofia kwapani, hawezi kutoka. Niliwaambia ana haya. Wakaondoka wakimwombea.

Nilipomrudishia sahani nne za Susu zikiwa zimejaa, alizipanga mezani kwa mstari akazitazama.

"Hata hakunusa?"

"Alinusa," nikamwambia, na sikumdanganya. Kwa kuku aliinamisha kichwa muda mrefu kuliko sala inavyohitaji.

Aliishi na jambo hilo miaka. Nikimtania kuhusu lolote, atajibu, "Lakini alinusa."

Hoteli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wauza chipsi walikuwa wamefika, kwao chakula kilikuwa tayari kabla mteja hajajua ana njaa, na magoti ya Mpishi yalikuwa yamekataa kusimama. Mimi nilikuwa nimehamishia cherehani yangu Sultan Hamud, kwenye joto, karibu na mwanangu. Nilirudi Nunguni baada ya miaka mitatu hivi, nikaambiwa Susu hainuki tena kitandani na macho yameisha kabisa, na Mama Ndinda, aliyekuwa akimhudumia, ameanguka akavunjika nyonga, hawezi kuteremka ule mteremko. Nikaenda kumwona Susu. Ilikuwa saa sita mchana.

Jikoni kwa Susu, kibanda chake kile cheusi cha moshi, palikuwa na mtu amechutama kwenye mafiga akiponda viazi na maziwa. Alikuwa Mpishi, bila kofia, nywele zote nyeupe. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akanivuta nje kwa mkono wa gauni.

"Haoni," akaninong'oneza. "Na mimi siongei. Kwa hiyo siko hapa."

"Tangu lini hauko hapa?"

"Wiki ya tatu."

"Na yeye anajua?"

"Ajue nini, Fundi? Nimekuambia hakuna mtu."

Nikaingia kwa Susu, nikamsalimia nikijitaja jina, nikaketi kwenye kigoda. Alikuwa amebaki mdogo sana chini ya blanketi. Aliniuliza habari za wanangu mmoja mmoja, na alipofika wa tatu Mpishi akaingia miguu mitupu na bakuli. Akapiga magoti kando ya kitanda, magoti yale yale mabovu, akapuliza kijiko, akakigusisha kwenye midomo yake. Susu akala. Akapanguswa kidevu, akala tena.

Katikati ya bakuli aliinua mkono akaushika ule uliokuwa ukimlisha. Ulikuwa mkono wa mwanaume wa miaka sabini, mpana, umejaa makovu ya moto hadi kwenye kiwiko. Aliupapasa polepole, kidole kwa kidole, akateremka hadi kwenye kifundo. Mpishi aliganda. Susu akimtaja sasa, nikawaza, itabidi akimbie, na hataweza kurudi tena nyumba hii.

Susu akauachilia mkono, akanigeuzia uso.

"Fundi," akasema, "umeona haka kasichana wameniletea? Hakasemi neno. Lakini kanajua kupika."

Mpishi aliinamisha kichwa. Kisha akajaza kijiko kingine, na Susu akafungua mdomo.